Maji Yakifika Shingoni: Maswali Kuhusu Kampuni Kubwa za Teknolojia Kuzisaidia Kampuni Changa

Maswali haya yametoka kwenye vikao vya jioni tunavyofanya hapa Mwanza kati ya waanzilishi wa kampuni changa za teknolojia na watu wa kampuni kubwa wanaokubali kuketi nao. Mengine yameulizwa Nyegezi, mengine Kirumba, harufu ya dagaa ikipita dirishani. Tumeyaacha kama yalivyoulizwa, hata yale yenye ukali. Ukiwa na haraka, nenda moja kwa moja kwenye swali la ankara. Mengine yanaweza kungoja.

## Mambo ya msingi

Kampuni changa ni ipi hasa? Hata duka langu la vocha ni changa.

Wengi siku hizi wanasema stataapu. Hapa tunamaanisha kampuni yenye bidhaa ya teknolojia ambayo bado inatafuta namna ya kujiendesha kwa mapato yake yenyewe. Duka la vocha lisipopata faida mwezi wa pili, unalifunga na kufungua la chipsi. Kampuni changa inaweza kula mtaji miaka miwili kabla ya kuona faida, na katika miaka hiyo haina akiba, haina dhamana ya kupeleka benki, na mara nyingi mteja mmoja tu ndiye anayeibeba. Mteja huyo akitikisika, nyumba nzima inatikisika.

Mnaposema msukosuko, mnamaanisha upi?

Mwaka 2020 ndio kila mtu anaukumbuka. Ndege za abiria zilipoacha kuruka, minofu ya sangara iliyokuwa ikisafiri nazo kwenda Ulaya ilikosa usafiri, na aliyekuwa akiuza programu ya kupima na kurekodi samaki alibaki na programu bila samaki. Mwaka huohuo maji ya ziwa yalipanda hadi kuvuka rekodi ya 1964. Mialo, yaani mahali boti zinapotua na samaki, ikazama, na mashine za watu zikazama nayo.

Kuna misukosuko isiyo na kelele. Mwaka 2023 na 2024 dola zilikuwa adimu nchini, na ankara za seva huja kwa dola. Machi 2023 Silicon Valley Bank, benki ya kampuni changa nyingi, ilianguka kule Marekani, wawekezaji wakashika mifuko yao. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Afrika Mashariki ikashinda inasukuma mtandao kama gari bovu.

Na msukosuko si lazima uje na habari mbaya. Fikiria mtu aliyetengeneza programu ya kupanga foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi. Juni 2025 daraja la kilomita 3 likafunguliwa, sote tukashangilia, naye pia akashangilia huku akijua kazi imekwisha.

Kabla ya kusaidia, uliza ni nini kilichokatika: wateja, fedha au mtandao? Kila kimoja kina dawa yake. Kampuni nyingi kubwa huleta dawa moja kwa magonjwa yote, na mara nyingi dawa hiyo ni semina.

Kwa nini kampuni kubwa ijisumbue? Si ni washindani wake hao?

Wachache ni washindani. Wengi ni watu wanaoleta miamala kwenye mtandao wako wa malipo, wanaonunua SMS zako kwa maelfu na wanaokodi seva zako. Anayewasajili wauza dagaa wa Ukerewe walipwe kwa simu anakujengea soko ambalo wewe ungelipeleka kwanza kwenye kamati tatu. Akifa leo, wateja wake hawahamii kwako. Wanarudi kwenye daftari na noti.

Kwani hii si kazi ya serikali?

Serikali ina sehemu yake, kupitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na Tume ya TEHAMA. Lakini serikali haiwezi kulipa ankara ambayo wewe ndiye unayedaiwa.

## Fedha

Tukiweza kufanya jambo moja tu, tufanye lipi?

Lipeni ankara mnazodaiwa. Leo, kama inawezekana.

Hili ndilo jibu ambalo watu wa mahusiano ya umma hawalipendi, kwa sababu halina picha ya kupiga. Nitasema yaliyonipata. Mwaka 2020 tulikuwa watu watano, tukiwa na mfumo wa kurekodi uzito wa sangara mwaloni. Kampuni moja kubwa ilikuwa inatudai uvumilivu na sisi tunaidai fedha. Kazi ilikwisha Februari, ankara ikapokelewa, ikasainiwa, ikaingia kwenye droo. Kila nikipiga simu naambiwa ipo kwenye mchakato. Mei wakatualika kwenye mkutano wa mtandaoni kuhusu namna kampuni changa zinavyoweza kuhimili kipindi kigumu. Nilihudhuria nikiwa nimekaa sakafuni, kwa sababu meza tulishaiuza. Fedha ziliingia Septemba. Kufikia hapo tulikuwa wawili.

Hawakuwa watu wabaya. Utaratibu wao ulikuwa wa siku 90, ingawa kwetu walizivuka, na siku 90 kwa kampuni kubwa ni robo mwaka ya kawaida, ilhali kwa kampuni ya watu watano ni uhai wote. Kwa hiyo msukosuko unapoanza, idara ya fedha itoe orodha ya ankara zote za wauzaji wadogo, izipange kwa udogo wa kampuni badala ya tarehe, na ianze kulipa kutoka chini. Jumla yake mara nyingi ni ndogo kuliko gharama ya tamasha moja la udhamini.

Halafu toeni cheti cha kodi ya zuio. Kwa huduma, mnakata asilimia 5 na kuipeleka TRA, hilo ni sawa kisheria. Bila cheti, kampuni changa haiwezi kuidai hiyo asilimia 5 kwenye hesabu zake za kodi, na inailipa mara ya pili. Nimeona watu wakifuatilia karatasi hiyo kwa mwaka mzima.

Sisi hatudaiwi na kampuni changa yoyote. Tunaanzia wapi?

Basi nunueni kitu kwao. Kazi ndogo, ya kweli, yenye LPO (hati ya kuagiza kazi), na nusu ya malipo mbele. Kampuni yoyote kubwa ina kazi ambazo hakuna mtu wa ndani anayezitaka: kusafisha orodha ya mawakala wa Sengerema, kutafsiri menyu ya simu kwa Kiswahili kinachoeleweka, kupima kama programu inafunguka kwenye simu ya bei nafuu. Kazi inampa mwanzilishi fedha na pia jina la mteja wa kumwonyesha mteja mwingine. Ruzuku inampa fedha tu.

Jambo moja linakwamisha: masharti ya zabuni. Mkidai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu kutoka kwa kampuni yenye umri wa miezi kumi na minane, mmeshasema hapana. Wekeni kiwango fulani cha chini ambacho chini yake mnatosheka na usajili wa kampuni wa BRELA, namba ya mlipakodi (TIN) na mfano wa kazi.

Je, tuwakopeshe?

Taratibu hapo. Kukopesha kama biashara kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na kampuni ya teknolojia si benki. Malipo ya awali kwa kazi itakayofanywa yanafikisha fedha palepale bila kumtia mtu deni. Angalia swali lililotangulia.

Tunatoa salio la seva bure. Halitoshi?

Linasaidia, na ni kweli kampuni kubwa za dunia zimelitoa kwa wingi. Microsoft imekuwa na mpango unaofikia dola 150,000 za salio la Azure, huduma yake ya seva. Google, kwenye mfuko wake wa 2021 wa waanzilishi weusi Afrika, iliweka dola milioni 3 kwa kampuni 50, kila moja ikipata fedha taslimu hadi dola 100,000 pamoja na salio la seva, bila kuchukua hisa. Fedha taslimu hizo ndizo zilizofanya mpango ule utofautiane na mingine mingi.

Maana salio la seva halinunui mafuta ya boti. Halilipi kodi ya nyumba Igoma. Tena lina tarehe ya kuisha: mwaka mmoja unatumia bila kufikiri, mwaka wa pili ankara inakuja kwa dola na huwezi kuhama kwa sababu kila kitu umekijenga humo. Anayetaka kusaidia kweli aruhusu muda usogezwe msukosuko ukiendelea, amsaidie mteja kupunguza matumizi kabla ya salio kuisha, na kama ana ofisi nchini, amtoze kwa shilingi.

Kuna jambo jingine la kujifunza kutoka 2020. Machi mwaka ule Google ilitangaza salio la matangazo la dola milioni 340 kwa biashara ndogo na za kati, lakini lilikuwa kwa waliokuwa tayari wakitangaza nao. Ni haki yao kutanguliza wateja wao. Ila mpango wa namna hiyo unamfikia aliyekuwa na uwezo jana, na aliyeanza biashara Januari haupati.

Kusamehe ada za miamala kunasaidia?

Kunasaidia haraka kuliko karibu jambo lolote, kwa sababu hakuna fomu ya kujaza. Machi 2020 Safaricom ya Kenya iliondoa ada ya kutuma kwa M-Pesa kiasi kisichozidi shilingi 1,000 za huko, kwa siku 90. Nafuu ile ililengwa kwa watu wa kawaida. Kwa kampuni changa, ada inayouma zaidi ni ile ya kukusanya malipo kutoka kwa wateja, na zaidi ya ada ni ucheleweshaji. Fedha za wateja zikikaa kwenye akaunti ya mkusanyaji siku saba kabla ya kufika, mfanyabiashara anakopa ili angoje fedha zake mwenyewe. Fikisheni kila siku, hata kama ada mtaiacha ilivyo.

## Yasiyo fedha

Mafunzo na mashindano ya ubunifu je?

Wakati wa amani, sawa. Wakati wa msukosuko unamtoa mwanzilishi kazini siku tatu, unampa fulana, chupa ya maji na nafasi ya kupiga picha na hundi ya bango. Mshindi mmoja anapata, kumi na tisa wanarudi nyumbani wakiwa wamepoteza wiki. Ukumbi ule wa hoteli ya Capri Point ungelipa ankara ngapi?

Tunaweza kuwaazima wataalamu wetu?

Hili ni zuri kuliko linavyosikika. Mhasibu wenu mmoja, siku mbili kwa wiki, miezi mitatu, anaweza kuokoa kampuni ambayo tatizo lake halisi ni kwamba hakuna anayejua fedha zitaisha tarehe ngapi. Mwanasheria wa kusoma mkataba wa mwekezaji ana thamani hiyohiyo. Andikeni tu mambo mawili mapema: mtaalamu huyo anachokiona hakirudi kwenu, na msimbo anaoandika ni mali ya kampuni changa. Bila hayo, mwanzilishi mwenye akili atakataa, na atakuwa sahihi.

Vipi kuhusu kuwapa taarifa tu?

Taarifa ni bure na inapuuzwa. Mkibadilisha API (njia ambayo mifumo yao inaunganishwa na yenu), bei ya SMS au masharti ya kusajili jina la mtumaji, semeni siku 60 kabla. Mtandao ukiwa na hitilafu, semeni ukweli: nini kimeharibika, kinatarajiwa kurudi lini. Kampuni changa inayojua kwamba tatizo ni la siku nne inawaambia wateja wake. Isiyojua inakesha ikibomoa mfumo wake mzima ikitafuta kosa ambalo halimo humo.

## Kwetu ziwani

Kwa nini mipango inayoandikwa Dar es Salaam haikai sawa ikifika Mwanza?

Kwa sababu kule mwezi una siku 30, na huku mwezi ni ule unaouona angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, taa hazivuti kitu, nyavu zinaanikwa na wavuvi wanapumzika. Fedha mwaloni zinafuata mwendo huo. Kampuni changa inayowahudumia wavuvi ina majuma ya neema na majuma ya ukame, kila mwezi, hata kabla ya msukosuko wowote. Ukiipa msamaha wa ada unaoanza tarehe 1 na kuisha tarehe 14, unaweza kuwa umewasamehe siku ambazo hakuna aliyeingia majini. Ratiba ya malipo ya mkopo, ya leseni au ya kodi ya mashine ikiruhusu mtu alipe giza linapoanza, wanaoshindwa kulipa watapungua bila wewe kupoteza hata senti.

Tatizo jingine ni saini. Meneja wa kanda anaielewa shida, amekunywa nayo chai, lakini hawezi kuidhinisha hata laki tano bila barua kwenda makao makuu. Mpeni kiwango chake cha kuamua mwenyewe wakati wa dharura. Kama hamumwamini kwa kiasi hicho, sijui mlimpa ofisi ya nini.

Mtandao ukikatika, kampuni kubwa inaweza kufanya nini?

Mei 2024 ilitufundisha kwamba mtu wa Buzuruga anayemtumia ujumbe mtu wa Kirumba anaweza kukwama kwa sababu seva ipo ng'ambo ya bahari. Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi, tulikumbushwa tena kwamba kuna kukatika kusikotokana na waya.

Kwa kampuni za simu, msaada mkubwa ni kuzipa kampuni changa njia ya USSD na SMS kwa bei ya dharura, ili huduma ibaki kwenye menyu ya nyota na reli. Mvuvi mwenye kitochi hatagundua hata kama kuna tatizo. Kwa wenye vituo vya data nchini, wapeni nafasi ndogo ya kuweka nakala ya mfumo wao: data inayokaa nchi moja na mtumiaji wake haihitaji kuvuka bahari ili imfikie. Haya lazima yafanywe kabla. Kusajili namba ya USSD si jambo la mchana mmoja.

Wateja wetu wengine wako Kisumu na Entebbe. Mpango wa nchi moja unatusaidiaje?

Kwa sehemu tu. Ziwa ni moja, lakini kampuni kubwa yenye matawi nchi tatu huwa na bajeti tatu zisizosalimiana. Ombeni barua moja kutoka tawi la hapa kwenda tawi la kule. Ni jambo dogo, na tumeliona likifanya kazi.

## Kesi ngumu

Mishahara ya mwezi huu haipo kabisa. Bado kuna la kufanya?

Silicon Valley Bank ilipoanguka, kulikuwa na kampuni ya programu za mishahara, Rippling, iliyokuwa ikipitisha malipo ya wateja wake kwenye benki hiyo. Fedha zilikwama. Ikatumia fedha zake yenyewe na kutafuta nyingine kwa wawekezaji upesi ili mishahara itoke. Ilikuwa inalinda jina lake pia, hilo halipunguzi kitu. Kwa kipimo chetu, mnaweza kulipa mapema ankara ya mwezi ujao. Kampuni changa nayo iwaambie wafanyakazi ukweli kabla ya tarehe ya mshahara. Ikisema siku tatu baadaye, inakuwa imesema kama mdaiwa sugu.

Kampuni kubwa inataka kutununua kwa bei ya kutupa. Huo ni msaada au unyang'anyi?

Inategemea nani anabaki amesimama. Machi 2023 benki ya HSBC ilinunua tawi la Uingereza la Silicon Valley Bank kwa pauni 1, na Jumatatu asubuhi wateja walikuwa na fedha zao. Bei ndogo peke yake haisemi kitu. Ulizeni: wafanyakazi wanaendelea? Wateja wanaendelea kuhudumiwa? Kuna malipo ya baadaye iwapo bidhaa itakua? Kama majibu yote matatu ni hapana, wananunua kaburi ili wapate uwanja. Muunganiko unaovuka kiwango cha kisheria lazima upite Tume ya Ushindani, kwa hiyo msikubali kuharakishwa kwa wiki moja.

Wanatupa msaada kwa sharti kwamba tusifanye kazi na mshindani wao.

Kataeni, au wekeni mwisho wa miezi michache ulioandikwa. Mkulima wa Magu hachagui mtandao wa simu kwa kuwaonea nyinyi huruma. Mkimfungia mlango, anakwenda kwa mwingine.

Tunaona wazi kampuni hii itakufa. Tuendelee kuisaidia?

Hapana, si kwa kuongeza fedha. Sendy ya Kenya, kampuni ya kusafirisha mizigo, ilisimamisha huduma 2023, Copia, ya kuuza bidhaa kwa oda, ikaingia mikononi mwa wasimamizi Mei 2024, na zote mbili ziliwahi kupewa fedha nyingi kuliko nyingi za Mwanza zitakazowahi kuona. Msaada hapo ni kufunga vizuri: wafanyakazi walipwe, wateja wahamishwe, na wenye ujuzi muwaajiri. Mwanzilishi aliyefunga bila kudhulumu mtu ataanzisha nyingine.

Data za wavuvi na wateja zinakwenda wapi kampuni ikifungwa au ikinunuliwa?

Haziuzwi kama viti vya ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imekuwa ikitumika tangu Mei 2023, na ina Tume yake. Taarifa zilizochukuliwa kwa ajili ya kumlipa mvuvi haziwezi kugeuzwa orodha ya kumtumia matangazo ya bahati nasibu kwa sababu tu mmiliki amebadilika. Kampuni kubwa yenye mwanasheria imwazime kwa siku mbili. Angalia swali la wataalamu.

Na kampuni kubwa yenyewe ikiwa taabani?

Hutokea. Basi semeni mapema. Simu ya dakika tano inayosema "ankara yako ya laki nane tutalipa nusu Ijumaa na nusu mwezi ujao" inampa mwanzilishi kitu cha kupangia. Nilikwisha kusema nilikaa sakafuni nikisikiliza semina. Ningepigiwa simu hiyo Machi, meza ningebaki nayo.

Mimi ni mwanzilishi. Niombe vipi?

Ukurasa mmoja. Andika una siku ngapi za fedha, nani anakudai, nani unamdai, na ombi moja lenye kiasi na tarehe. Usiandike kwamba unahitaji "ushirikiano". Mpelekee mtu mmoja mwenye jina, na kama ni hapa Mwanza, mpelekee kwa mkono, asubuhi, kabla hajaanza vikao.